Mwanahewa wa Kiti cha Nyuma

Mwanahewa alikuwa hajui njia. Naanza na hilo kwa sababu waliomsifu alipokufa walisifu ushujaa mtupu, na huyo shujaa wao miye sikumjua. Niliyemjua ni yule aliyekuwa akitoka kwao, Jeddah, kwenda mji mkongwe wa Jeddah hiyo hiyo, mwendo wa mtu aliyekulia humo humo, akajikuta ameingia barabara ya Makka. Akasimamisha gari pembeni na kumpigia simu mama yake.

"Mama, miye niko wapi?"

Na Bi Mkubwa, mama yake, ambaye hakupata kushika usukani maishani, akamuuliza kushoto unaona nini, kulia unaona nini, msikiti una minara mingapi, mpaka akamfikisha.

Kazi yake ilikuwa ni kuongoza njia. Alikuwa mwanajeshi wa anga kwenye ndege ya mabomu ya viti viwili. Rubani hukaa mbele na kuirusha ndege. Nyuma hukaa mwenzake, haoni vizuri mbele, ana vioo na namba zake tu, na yeye ndiye anayemwambia rubani wapo wapi, wanakwenda wapi na wakati umefika au bado. Kiti hicho cha nyuma kilikuwa chake. Nilipomuuliza inakuwaje mtu huyo huyo apotee kwenda kununua samaki, alinijibu bila kucheka: "Dada, huko juu hakuna mizunguko."

Jengo letu lilijaa watu wa Unguja, watoto na wajukuu wa waliovuka baada ya mapinduzi, na mtu akipata kazi ya maana huku ugenini, jina lake linakufa na kazi inabaki. Tulikuwa na Daktari, tulikuwa na Fundi Viyoyozi, tukawa na Mwanahewa. Kwangu alikuwa zaidi ya jirani. Mama yake aliugua baada ya kumzaa, na mama yangu ndiye aliyemnyonyesha, kwa hivyo kwa sheria ya dini alikuwa ndugu yangu wa kunyonya, kaka ninayeweza kukaa naye chumba kimoja bila baibui na kupanda naye gari bila mtu kuinua uso. Mimi nilikuwa mkubwa kwa miaka michache. Aliniita dada mpaka mwisho, hata alipokuwa na mvi na vyeo.

Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake. Hakukisoma skuli, hakukisikia redioni, alikipokea jikoni kama kilivyotoka Unguja zamani hizo na hakukiongeza kitu. Bilauri, motokari, na ndege kwake ilikuwa ni eropleni. Fikiria mwenyewe, mtu wa jeshi la anga, anarudi kambini, anamuaga mama yake: "Nawahi eropleni." Alikwenda Unguja mara moja tu, akamuuliza kijana mmoja wa mizigo pale uwanjani eropleni ya Dar inaondoka saa ngapi. Yule kijana alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mwanahewa alirudi Jeddah akitusimulia kwa furaha ambayo sikuielewa siku ile. "Wamenicheka," alisema, "lakini wamenielewa."

Alikuwa anaogopa kimo. Hilo walilijua wachache. Tulianika nguo juu ya dari, na yeye akitumwa kwenda kuzianua alipita katikati, akazivuta kamba kwa mbali, hakusogea kwenye ukingo hata kama shuka imechukuliwa na upepo imenasa pale. Nilimtania siku moja. Akaniambia ndani ya eropleni mtu amefungwa mikanda, hana pa kuanguka. Juu ya dari yuko huru, na uhuru huo ndio unaotisha.

Ruhusa ya wanawake kuendesha gari ilipotoka, watu wa jengo walisema mengi. Yeye hakusema. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, aligonga mlango wetu ameshika funguo. Tulikwenda kwenye uwanja mtupu upande wa baharini, mimi kwenye usukani, yeye kando yangu, na Bi Mkubwa nyuma, kwa sababu alikataa kuachwa nyumbani jambo kama hilo likitokea.

"Dada, breki."

"Nimeshika breki."

"Basi ishike kwa moyo."

Alikuwa ametota jasho, amekamata mlango kwa mikono miwili. Bi Mkubwa akasema kutoka nyuma: "Mwache mwenzio. Weye mbona ulipojifunza uliangusha ukuta wa jirani?"

"Ukuta ule ulikuwa mbovu, mama."

"Ulikuwa mzima. Uliuharibu weye."

Nilijifunza. Kila Ijumaa aliyokuwa likizo alikuja, na kila Ijumaa alishuka akasema kukaa mbele kumemtosha, hakutaki tena. Wiki iliyofuata yuko mlangoni na funguo. Ndivyo alivyokuwa. Akishasema jambo atalifanya, hakuna woga wala usingizi wa kumrudisha, na hakuona kwamba hilo ni la kusifiwa. Aliona ndiyo maana ya kusema.

Maneno yake hayakuwa mengi, lakini yalikuwa na mafunzo ya kazi ndani yake. Nilipokuwa nasitasita kuhamia Riyadh, kazi imepatikana huko na mama yangu hataki niende, nilimwendea nikamwaga yote. Alisikiliza mpaka mwisho. "Hujaniambia uko wapi," alisema. Nikamwambia si niko hapa mbele yako. "Hapana. Umeniambia unakotaka kwenda na unakoogopa kwenda. Anza na ulipo." Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba nilikuwa nimeshachoka na Jeddah kitambo, na kwamba mama hakuwa sababu. Nikahamia Riyadh, nikaanza ile kazi, ya karani katika ofisi ya mizigo, na kupanga nyumba ndogo mtaa wa Al-Murabba.

Mke alikuwa naye, wakaachana kwa wema, hawakujaaliwa mtoto. Hilo halikumfanya mpweke, au kama lilimfanya alilificha vizuri kuliko alivyoficha woga wa dari. Alipiga pasi nguo zake mwenyewe, hata kanzu za ndani. Alikuwa mchoyo wa kitu kimoja tu, embe. Akipata embe alijifungia nalo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo watu hulipita. Vita vya kusini, huko Yemen, vilipoanza, Mwanahewa alikuwa akiruka huko. Mtaani walijivuna naye. Kwenye harusi moja mshereheshaji alishika kipaza sauti akataka kumsimamisha apigiwe vigelegele, na kiti chake kikakutwa kitupu. Alikuwa jikoni ameshika sinia la wali, anawasaidia wapishi kupakua, na alibaki huko mpaka watu walipoanza kuondoka.

Chini ya jengo letu palikuwa na bakala, duka la vitu vidogo vidogo, na mwenye duka alikuwa mzee wa Kiyemeni. Tulimwita ammi, kama wanavyoitwa wazee huku. Asubuhi moja, nikiwa nimekuja Jeddah kumtazama mama, nilikuwa dukani nanunua mkate alipoingia Mwanahewa na begi lake la safari. Mzee alikuwa anapanga makopo. Hakugeuka.

"Mwanangu, unaruka huko kwetu?"

Miye nilidhani atasema siri za jeshi, hairuhusiwi, halas, yameisha. Aliliweka begi chini.

"Naruka, ammi."

Mzee aliendelea kupanga makopo. "Nina dada yangu huko na watoto wake. Nikikutajia mji, itasaidia?"

"Haitasaidia. Mimi sichagui." Akachukua chupa ya maji, kisha akasema, "Lakini nitajie."

Mzee akautaja. Mwanahewa akalirudia lile jina mara moja, polepole, kama mtu anayehakikisha amesikia sawa. Akalipia maji yake akatoka. Tangu siku hiyo, kila akija likizo alipita dukani kwanza kabla hajapanda kwa mama yake, na wakizungumza mimi sikuwasikia wakigusa vita. Walizungumza bei ya dagaa na maumivu ya magoti.

Nilimuuliza kwenye ngazi, kwa sababu miye ni dada yake na kama si mimi nani: "Kwa nini huachi?"

"Nikiacha, kiti hakibaki kitupu. Atakaa mwingine. Mimi angalau naogopa kukosea."

"Na ukikosea?"

Swali hilo hakulijibu siku ile wala siku nyingine, na mimi sitamjibia. Wapo watakaosema alikuwa shahidi, wapo watakaosema mengine, na nimewasikia wote. Najua alikuwa mtu mwema, na najua mabomu hayaangukii mchanga mtupu. Nimeyabeba yote mawili, wala sijakubali kutua moja ili mwingine apate raha ya kumkumbuka.

Siku ndege yao ilipokwenda na isirudi, maofisa wawili walikuja nyumbani kwa mama yangu. Bi Mkubwa alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na kumbe baada ya msiba huo Mwanahewa aliliandikisha jina la mama yangu kuwa ndiye wa kuarifiwa. Mama aliwafungulia mlango, akawatazama nguo zao na nyuso zao. "Nimeshaelewa," aliwaambia. "Ingieni mkae. Hamtanieleza mmesimama." Akawapa kahawa kwanza. Ndipo wakamweleza kwamba Mwanahewa na rubani wake wamekufa pamoja. Hatukuambiwa mengi zaidi ya hayo, na nilipouliza niliombwa nipumzike.

Kwenye hitima, vijana wa jengo walikuwa wakipokea watu mlangoni alipotokea mzee wa bakala, amevaa nguo zake za Ijumaa. Wakasita. Mmoja akasema kwa Kiswahili, akidhani mzee hasikii maana, huyu naye anatafuta nini. Mama yangu alikuwa upande wetu wa wanawake, nyuma ya pazia. Sauti yake ilisikika nyumba nzima. "Mwachieni nafasi mbele. Huyo ndiye aliyekuwa akisalimiwa kwanza." Mzee akaingia, akakaa, akasoma Yasini pamoja na wengine mpaka mwisho. Alipotoka alinikuta kwenye korido na viatu vyake nimevigeuza vielekee nje, tayari kuvaliwa. Akaniambia dada yake yu hai. Nikamwambia alhamdulillahi, naye akaitika.

Lakini miye nikimkumbuka Mwanahewa, simkumbuki siku hiyo. Namkumbuka likizo yake ya mwisho, Riyadh, wakati wa baridi.

Alikuja kwangu Al-Murabba bila taarifa, saa za mchana, begi begani. Hakutaka chai.

"Dada, unaijua Manfuha?"

Nani asiyeijua. Ni kule kusini ya mji, nyumba kongwe zilizobanana, watu wa kila nchi, na wengi wao hawana karatasi. Nikamuuliza anatafuta nini huko.

Akanieleza. Bi Mkubwa alipopooza upande mmoja, aliyemlea mpaka kufa alikuwa mama mmoja wa Kilifi, Kenya, aliyekuja huku kwa kazi za ndani. Alimuosha, alimlisha, alimgeuza. Bi Mkubwa alipofariki, yule mama alichukuliwa na kafili mwingine, mwajiri wa kumdhamini, huku Riyadh, na mambo yakawa mabaya: hapumziki, hatoki, pasipoti imefungiwa. Akakimbia. Sasa alikuwa amejificha Manfuha, ikama yake, kibali cha kukaa nchini, imekufa, na kwao mama yake mzazi alikuwa mahututi anamwita. Alikuwa amempigia simu Mwanahewa.

"Nilimwambia siku ya mazishi, ukihitaji mtu nipigie," alisema. "Amepiga."

Nikaendesha mimi. Yeye alishika simu yenye ramani na akatupoteza, tukaiacha ramani tukauliza watu. Tulimkuta yule mama kwenye chumba cha uani anacholala na wanawake wenzake, amejifunika shuka mabegani, anakohoa. Alipomwona Mwanahewa alijiinua akakaa.

"Sikudhani utakuja," alisema. "Watu husema tu."

"Mimi nilisema."

"Kafili ameripoti nimetoroka, baba. Nikienda ofisi ya uhamiaji nitashikwa."

"Basi watakushika na mimi nimekaa kando yako. Lakini kwanza pasipoti."

Asubuhi yake tulikwenda kwa kafili, mimi na yeye, kaskazini ya mji. Hakuwa jitu la kutisha. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole wa sauti, akatukaribisha sebuleni akatumiminia kahawa. Tulipotaja jina la yule mama, uso wake ulikunjamana.

"Ametoroka," alisema. "Nimehasirika. Sina la kuzungumza."

"Sikuja kukulaumu," Mwanahewa akasema. "Nataka pasipoti yake, na uiondoe ile ripoti, aende kwa mama yake."

"Mafi. Haiwezekani."

Mwanahewa akanywa kahawa yake, akaweka kikombe chini, akakaa. Yule bwana akasema ana shughuli. Mwanahewa akamwambia afanye shughuli zake tu, yeye yuko likizo. Adhuhuri iliadhiniwa, wakasimama wakasali bega kwa bega, wakarudi kukaa. Miye nilikuwa natamani kuondoka kwa aibu. Mwishowe yule bwana akauliza, bila ukali sasa, "Huyu mwanamke ni nani kwako?"

"Alimuosha mama yangu," Mwanahewa akasema. "Ilikuwa zamu yangu mimi, na mimi sikuwepo. Nilikuwa angani."

Yule bwana alimtazama. Kisha alitutazama sote, akainuka akaenda ndani, na akakaa huko muda. Aliporudi alikuwa na pasipoti. Aliiweka mezani, hakumpa mkononi. "Ripoti nitaiondoa," alisema. Na aliiondoa, tulikuja kuthibitisha.

Ofisi ya uhamiaji, tukimtafutia kibali cha kutoka nchini, ndiko likizo yake ilikoishia. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, yule mama katikati yetu, na kila siku tuliambiwa kesho. Karani mmoja alikuwa hatutazami usoni. Nilimsihi Mwanahewa avae sare yake, siku moja tu, mambo yatanyooka.

"Nikiivaa wataisikiliza sare," alisema. "Nataka wamsikilize yeye."

Tukarudi kesho, na kesho nyingine. Yule mama akaanza kusema basi, baba, umefanya, niache. Mwanahewa akaenda kumnunulia dawa ya kikohozi. Ikafika asubuhi yule karani akainua kichwa, akawaona watu watatu wale wale kwenye viti vile vile, akapumua, akasema, "Yalla, njoo, mama." Akamuuliza yule mama mwenyewe maswali yake, naye akajibu mwenyewe kwa Kiarabu chake cha jikoni, neno kwa neno, mgongo umenyooka. Alipogongewa muhuri alirudi kwetu akiwa ameishika karatasi kwa mikono miwili.

Tulimpeleka uwanja wa ndege. Mwanahewa alibeba mzigo wake, mablanketi na vyombo anavyompelekea mama yake, akampeleka mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa. Yule mama aliivua leso aliyojitanda, akamfunga Mwanahewa mkononi kama anayemfunga mtoto dawa.

"Nilimfumba macho mama yako," alimwambia. "Alikutaja. Nilikuwa sijakwambia kwa sababu nilidhani itakuumiza."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama ushakula."

Akapita. Tukamwona anageuka mara moja, kisha watu wakamziba. Miye niligeuka nikafuate gari, lakini Mwanahewa hakusogea. Alisimama pale kwenye kizuizi, watu wakimpita na mizigo, leso ikining'inia mkononi. Nikamwambia ameshaingia, twende. Akatikisa kichwa. Alisubiri mpaka ubao ukaonyesha kwamba ndege imeondoka.

"Sijapata kusimama upande huu," alisema. "Siku zote miye ndiye ninayekwenda."

Nilikuwa nimeshatoa funguo za gari, nikazirudisha mkobani.

"Nyinyi mkishamsindikiza mtu, mnafanyaje? Mkirudi nyumbani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza, na miaka yote tumemsindikiza yeye, mimi na mama yangu na Bi Mkubwa alipokuwa hai.

"Tunapika," nikamwambia. "Tunapika kama vile yupo, halafu tunakula."

"Basi twende tukapike."

Tukapika. Alikata vitunguu vibaya, akapika wali ukashika chini, na akala mpaka akatosheka, huku ananieleza kwamba yule mama atakuwa sasa hivi juu ya bahari. Kesho yake asubuhi gari ya kambini ilimfuata. Nilijitanda nishuke naye, akanizuia mlangoni.

"Usinisindikize, dada. Nimeshaona kazi yake."

Nikabaki. Nikamsikia anashuka ngazi, na chini nikasikia akimuuliza dereva ni njia ipi watakayopita. Kisha nikaenda jikoni, nikawasha moto, nikaosha mchele wa watu wawili.